Chungwa na Karoti: Rangi Moja, Kazi Mbili

Wanachama wengi wametuuliza swali hili kwa nyakati mbalimbali, na wengine wameliuliza kwa kushindana barazani: chungwa na karoti, kipi bora kwa mwili wa mtu? Walio upande wa chungwa husema kwamba chungwa ni letu, limo shambani kando ya mikarafuu, halinunuliwi, na kila mgonjwa atazamwaye hospitali hupelekewa machungwa. Walio upande wa karoti hujibu kwamba karoti ndiyo dawa ya macho, na ndiyo maana watu huitoa pesa sokoni bila ya kunung'unika. Twaona yafaa kulijibu swali hili kwa urefu kidogo, kwa sababu jibu lake si la kumtaja mshindi. Vyakula hivi viwili havifanyi kazi moja. Mzazi asiyejua jambo hili aweza kumpa mtoto wake machungwa kila siku, huku macho ya mtoto yakizidi kuharibika, naye asijue upungufu uko wapi.

Tuanze na rangi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Rangi ya karoti kwa Kiswahili twaiita rangi ya chungwa, na huku chungwa letu la Unguja na Pemba aghalabu huwa la kijani hata likiwa limeiva barabara na tamu kama asali. Sababu yake si uchanga. Ganda la chungwa huacha ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi, kama ilivyo Hispania au Afrika ya Kusini katika miezi yao ya baridi. Na huku kwetu usiku una joto mwaka mzima. Kwa hiyo mnunuzi anayekataa chungwa kwa ukijani wake hujinyima bure. Ukilipasua, utaona ndani lina rangi inayoikaribia ile ya karoti, na hapo mtu hudhani kwamba kilichomo humu ndicho kilichomo mle. Sivyo. Karoti hupata rangi yake kwa kitu kiitwacho karotini, ambacho hata jina lake limetokana na karoti, na mwili wa mtu huweza kukigeuza kikawa vitamini A. Chungwa nalo lina rangi za ukoo huo huo, lakini nyingi katika hizo hazigeuki kuwa vitamini A hata kidogo.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuchukue gramu 100 za chungwa lililomenywa, na gramu 100 za karoti mbichi. Chungwa la kadiri, likishamenywa, huwa na gramu 130 hivi, na karoti ya kadiri huwa na gramu 60. Tarakimu tutakazozitaja ni za majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo hutumiwa na wataalamu wa chakula katika nchi nyingi. Tunda la shamba moja hupishana na la shamba jingine, lakini kwa kulinganisha zatosha.

Katika mambo mengi vyakula hivi ni ndugu. Chungwa ni maji kwa sehemu 87 katika 100, na karoti kwa sehemu 88. Nguvu ya kuendesha mwili ni kilokalori 47 kwa chungwa na 41 kwa karoti, jambo ambalo halimshibishi mtu. Mchumaji wa karafuu mwenye kuhitaji kilokalori 2,500 kwa siku angetaka kula zaidi ya kilo 5 za machungwa, na tumbo lake lisingempa ruhusa ya kupanda ngazi. Protini haifiki gramu 1 katika kimoja wala kingine. Nyuzinyuzi za kulainisha choo ni gramu 2.4 kwa chungwa na 2.8 kwa karoti. Sukari chungwa lina gramu 9 na zaidi, karoti karibu gramu 5. Madini ya kalisi yanakaribiana sana. Madini ya potasi karoti imelizidi chungwa, miligramu 320 kwa 181.

Mpaka hapo hapana la kugombaniwa barazani. Tofauti ziko mbili tu, na zote mbili ni kubwa mno.

Ya kwanza ni vitamini C. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 53, na karoti ina miligramu 6 tu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa husema kwamba mtu mzima ahitaji miligramu 45 kwa siku, na mama anayenyonyesha 70. Basi chungwa moja kamili lamtosheleza mtu mzima na kumbakishia. Anayetaka kuipata kadiri hiyo kwa karoti sharti atafune robo tatu ya kilo, tena mbichi.

Ya pili ni vitamini A, na hapa mizani inapinduka. Gramu 100 za karoti zampa mtu mikrogramu 835 za vitamini A. Chungwa lampa 11. Mtoto wa miaka minne hadi sita ahitaji mikrogramu 450 kwa siku, na karoti moja ya kadiri yazitimiza zote na kuzidi kidogo. Kwa machungwa, mtoto huyo angehitaji kula kilo 4 na zaidi, yaani machungwa 30 na ushei kwa siku moja. Hakuna mtoto wa kuyala hayo, na hakuna mzazi wa kuyamenya.

Wanachama watatusamehe tukilitazama kwanza chungwa kwa habari za zamani, kwa sababu habari hizo zimepita kwenye pwani yetu hii.

Ukosefu wa vitamini C huleta maradhi ya kiseyeye. Fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, majeraha yaliyokwisha kupona hufunguka tena, mtu hukosa nguvu na mwisho hufa. Yalikuwa ndiyo maradhi ya mabaharia, maana walikaa miezi baharini kwa mikate mikavu na nyama ya chumvi. Mwezi wa Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa na wagonjwa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa mengi, na malimau, na miwa. Mmoja wa wasafiri wale aliyeandika habari za safari yao asema kwamba wagonjwa wao wote walipata afya pale mjini, na sababu aliyoitoa yeye ni uzuri wa hewa ya Mombasa. Hewa ya Mombasa hatuikatai, lakini twadhani sifa ile ilikuwa ni ya machungwa.

Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, kuanzia Oktoba 1498 mpaka mwanzo wa Januari 1499, na watu 30 wakafa kwa ugonjwa ule ule wa fizi. Walipofika Malindi jambo lililotamaniwa na wagonjwa lilikuwa ni machungwa, na mtu akatumwa pwani kuyaleta. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, ilibidi waichome moto meli yao moja kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Ndipo wakapita karibu na Unguja wakiwa na meli mbili.

Yafaa kusema kwamba machungwa ya zama zile hayakuwa lazima haya matamu tunayoyamenya leo. Danzi, lile chungwa kali tunalolijua sote, lilitangulia kuenea katika nchi za Waarabu na pwani za Bahari ya Hindi. Chungwa tamu lilienezwa zaidi na Wareno wenyewe baadaye, na Waarabu mpaka leo huliita kwa jina la nchi ya Wareno, burtukali. Kwa kiseyeye hapana tofauti, danzi nalo latibu.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1747. Daktari James Lind, katika meli ya kivita ya Kiingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, chakula chao kikiwa kimoja. Wawili akawapa siki, wawili maji ya bahari, wengine dawa nyingine za wakati ule, na wawili akawapa kila mmoja machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita. Kwa siku hizo sita mmoja wa wale wawili alikuwa karibu kufaa kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza waliobaki. Pamoja na hayo, serikali ya Kiingereza haikuamuru meli zake za kivita zipewe maji ya malimau mpaka 1795. Miaka 48 ilipita.

Kuna jambo jingine la kufaa jikoni katika habari hizo. Baadaye Waingereza waliacha malimau wakachukua ndimu kutoka visiwa vya Karibiani, wakidhani ukali ndio dawa. Ndimu ni kali, lakini vitamini C yake ni kama nusu tu ya ile ya limau. Tena maji yake yaliwekwa muda mrefu na kupitishwa kwenye mirija ya shaba, na vitamini C huharibika kwa hewa, kwa joto na kwa shaba. Matokeo yake ni kwamba msafara wa George Nares uliokwenda Ncha ya Kaskazini mwaka 1875 ulishikwa na kiseyeye na huku umebeba maji ya ndimu. Kwa hiyo ndugu zetu wanaokamua machungwa asubuhi wakayaacha kwenye mtungi wazi mpaka jioni, na wale wanaoyachemsha ili yasiharibike, wajue kwamba kinachoharibika mwanzo ni kile walichokikamulia. Chungwa lililo ndani ya ganda lake limehifadhiwa vizuri kuliko chupa yoyote. Na hivyo vinywaji vya madukani vilivyopigwa picha ya chungwa mbele, vingi ni maji, sukari na rangi. Yafaa mtu asome maandishi madogo ya nyuma kabla ya kutoa pesa yake.

Vitamini C ina kazi nyingine ambayo kwetu sisi huenda ikawa kubwa kuliko kiseyeye, maana kiseyeye chenyewe ni nadra siku hizi. Nayo ni kusaidia damu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde, choroko na mboga za majani mwili huyapokea kwa shida, tofauti na yale ya nyama na samaki. Chungwa likiliwa pamoja na mlo huo, au ndimu ikikamuliwa juu yake, mwili huyapokea kwa wingi zaidi. Chai hufanya kinyume chake. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua, naye mlo wake ni wali na maharage, akila chungwa papo hapo na chai akaiacha kwa saa moja au mbili, atakuwa ameyafaidi zaidi maharage yale yale bila ya kuongeza senti. Vidonge alivyopewa aendelee navyo. Chungwa si badala ya vidonge.

Ama karoti, kazi yake kubwa ni ile ya vitamini A, na hapa twaomba wazazi wasome kwa makini.

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, mna kitu kinachotengenezwa kwa vitamini A ambacho humwezesha mtu kuona penye mwanga hafifu. Vitamini A ikipungua, jambo la kwanza kuharibika ni kuona wakati wa magharibi na usiku. Mtoto aliyekuwa akikimbia na wenzake mchana, jua likitua huanza kupapasa. Hujikwaa kwenye kizingiti anachokijua, hukosa kuiona sahani iliyo mbele yake, na hupenda kukaa alipowekwa. Watu wa nyumbani husema ni mwoga au ni mvivu. Si uoga. Akiachwa, weupe wa jicho huwa mkavu na pengine huonekana vidoa vyeupe mfano wa povu. Baadaye kioo cha jicho huchubuka na kuoza, na hapo upofu hauponi tena. Tena si macho peke yake. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini A akipatwa na surua, au kuharisha, hufa kwa wepesi zaidi kuliko mwenziwe, na kwa ajili hiyo hospitali humpa vitamini A kila mtoto mwenye surua.

Mzazi akiona dalili hizo asianze kutafuta karoti. Ampeleke mtoto kituo cha afya siku ile ile, kwa sababu dawa iliyopo huko hufanya kazi haraka kuliko chakula chochote. Kadhalika yale matone ya vitamini A wanayopewa watoto kuanzia miezi sita hadi kutimiza miaka mitano, mara mbili kwa mwaka, asiyakose. Matone hayo hujaza akiba ya mwili, na chakula cha kila siku ndicho huilinda isikauke.

Na sasa tuseme habari ya wale wanaotia chumvi. Iko imani kwamba mwenye kula karoti nyingi ataona kuliko watu wote, na kwamba miwani itatupwa. Imani hii ilipata nguvu Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1940 na 1941 marubani wa Kiingereza walikuwa wakizitungua ndege za Wajerumani gizani, na aliyevuma zaidi ni John Cunningham. Ikatangazwa kwamba wanaona usiku kwa sababu ya karoti. Ukweli ni kwamba ndege zao zilikuwa na rada, chombo kilichokuwa siri wakati ule. Na Wizara ya Chakula nayo ilikuwa na karoti nyingi iliyotaka raia wazile, basi maneno yale yakawafaa wote. Watoto wa Kiingereza wakatafuna karoti wakitazama giza. Karoti humrudishia macho yake mtu aliyepungukiwa na vitamini A. Mtu asiyepungukiwa haimwongezei kitu, wala haiondoi mtoto wa jicho, wala haimwezeshi mzee kusoma barua bila ya miwani.

Anayezila kwa pupa pia atageuka rangi viganja vya mikono na nyayo kuwa vya manjano. Hilo halina madhara, na huondoka akipunguza. Karotini haileti sumu kama iletavyo vitamini A ya ini au ya vidonge ikizidi, kwa sababu mwili huigeuza kwa kadiri ya haja yake. Ndiyo maana mama mjamzito huonywa asile ini kwa wingi, lakini karoti haonywi.

Katika kuila, karoti na chungwa ni maadui. Chungwa laliwa bichi, na karibu na wakati wa kumenywa. Karoti ni afadhali ipikwe. Karotini imefungwa ndani ya nyuzi ngumu, na moto huzilegeza. Tena huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mtoto anayetafuna karoti mbichi peke yake hufaidi sehemu ndogo, na iliyobaki hutoka kama ilivyoingia. Karoti iliyokatwa ikapikwa katika mchuzi wa tui, au ikatiwa kwenye pilau penye mafuta, hutoa nyingi zaidi. Hapo twaona mapishi ya bibi zetu yalikuwa na hekima ambayo hawakuiandika, maana kisamvu, mchicha na boga, vyote walivitia nazi.

Swali la pesa ndilo lililobaki, na kwetu ndilo zito. Karoti hupenda udongo laini ulio mrefu kwenda chini na hewa ya baridi. Huku joto la udongo huifanya kuwa fupi na rangi yake kufifia, na penye mawe huota miguu miwili. Nyingi zinazouzwa katika masoko yetu hutoka bara, kutoka milima ya baridi kama Usambara huko Lushoto, zikavuka bahari, na kila aliyezishika njiani amepata chake. Katika msimu wa karafuu, mtu aliyekwisha kuuza aweza kuzinunua bila ya kufikiri. Miezi mingine anayezinunua kwa ajili ya macho ya watoto wake hununua ghali kitu ambacho kimo uani mwake kwa jina jingine.

Tutazame. Mchicha una mikrogramu 146 za vitamini A katika gramu 100, na matembele 189. Ni kidogo kuliko karoti, na karotini ya majani mwili huipokea kwa uzito zaidi, lakini nani hula gramu 100 tu za mchicha? Tena mchicha una vitamini C pia, miligramu 43 ukiwa mbichi, ingawa moto huila sehemu yake. Kwa hiyo usichemshwe mpaka ukapoteza rangi, wala maji yake yasimwagwe. Kisamvu kwa kutwangwa na kuchemshwa sana hupoteza vitamini C yake nyingi, lakini vitamini A hubaki, na kuchemshwa huko hakuna budi kwa sababu ya sumu ya muhogo. Embe bivu lina mikrogramu 54 na papai 47, na yote mawili yana vitamini C ya kutosha. Mtoto anayekula papai kila siku, penye mlo wenye nazi, yuko katika njia nzuri. Boga lenye nyama ya rangi nzito ni bora kuliko matunda hayo kwa vitamini A.

Na chungwa nalo lina wa kulishinda katika kazi yake. Pera lina miligramu 228 za vitamini C katika gramu 100, mara nne na zaidi ya chungwa, nalo huachwa likaliwa na popo. Ubuyu una nyingi pia. Pilipili boga nyekundu ina 128. Na Albert Szent-Györgyi, Mhungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi yake juu ya vitamini hii, aliipata kwa wingi katika pilipili za mji wa Szeged baada ya kuhangaika na vitu vingine.

Lakini kama tungeambiwa tutaje kitu kimoja cha kuchukua mahali pa karoti katika mashamba ya wanachama, tungetaja kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya karoti, kile kinachoitwa siku hizi kiazi lishe. Kina mikrogramu 709 katika gramu 100, karibu sawa na karoti yenyewe. Hupenda joto letu, hushibisha kwa kuwa kina wanga, na mtoto hukila bila ya kubembelezwa. Kiazi chetu cheupe ni kitamu lakini vitamini A hakina ya kutajika, na utamu usimdanganye mtu. Majani yake ndiyo matembele, basi shamba moja latoa vitu viwili.

Hupandwa kwa vipande vya mashina yake, urefu wa kiasi cha mkono mpaka kiwiko, kwenye matuta, mvua zikianza, na huwa tayari baada ya miezi mitatu hadi mitano. Mikarafuu iliyokwisha kukua ina kivuli kingi na haifai kupandiwa viazi chini yake. Mahali pake ni pale penye mikarafuu michanga, ambayo hupandwa mbali kwa mbali na kuacha jua nafasi kubwa kwa miaka ya mwanzo. Matuta yasisogezwe karibu na shina la mkarafuu, kwa sababu jembe la kuchimbia viazi litakata mizizi yake. Hatua moja na nusu kila upande ni kiasi cha kufaa. Mwenye kutaka mbegu amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake kabla ya mvua, na akishazipata apande mashina machache karibu na bafu au kisima, mahali pasipokauka, ili mbegu isimpotee wakati wa kiangazi.